Waacheni trafiki wapime kwanza

Nimesoma malalamiko ya abiria kwenye habari ya ajali ya lori, kwamba foleni ilikuwa ndefu kwa sababu trafiki walikuwa "wanacheza na futi" (utepe wa kupimia eneo la ajali) badala ya kuondoa lori barabarani. Jamani, majeruhi wakishawahishwa hospitali, hicho kipimo ndicho kesi yenyewe. Lori likishavutwa na vioo vikishafagiwa, linabaki neno la dereva dhidi ya neno la utingo.

Chukueni alama za breki tu. Kwenye lami kavu, tairi zikiburuza mita 20 mpaka gari likasimama, mwendo ulikuwa kama kilomita 60 kwa saa. Zikiburuza mita 40 si 120, ni kama 84. Aliyeapa kwamba alikuwa kwenye 50 atajibu nini? (Lami ikilowa hesabu inabadilika, kwa hiyo hali ya barabara iandikwe palepale.)

Ninacholaumu mimi ni namna ya kupima. Nimewahi kuona mchoro wa ajali ambao gari moja limepimwa kutoka kwenye gari jingine, na yote mawili yalishaondolewa. Sasa utahakiki kutoka wapi? Pimeni kutoka vitu viwili visivyohama, tuseme nguzo ya umeme na kona ya kalavati, mpaka gurudumu la mbele na la nyuma. Na ule udongo unaodondoka chini ya bodi magari yakigongana, ambao unaonyesha yalipogongania, uko upande upi wa mstari wa kati? Hapo ndipo papigwe picha, kabla daladala hazijapita juu yake.