Kaboni ianze kwenye mti wa spinaka, mlingoti ungoje

"Kaboni ni pambo la wenye pesa." Maneno haya siachi kuyasikia kila mazungumzo ya boti za matanga yanapofika kwenye vifaa vya kaboni, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Mwenye boti la kusafiria hashindani na mtu, wanasema. Akipunguza kilo saba, atafika mapema kwa dakika ngapi? Hapo siwabishii. Ila wanapima kasi, na mimi kinachonisumbua ni mgongo wa aliyeko omo, mbele kabisa ya boti.

Chukua mti wa spinaka, ule unaosukuma pembe ya tanga la mbele nje ya boti upepo ukiwa wa nyuma. Bomba la alumini la mita 5, kipenyo milimita 100 na unene milimita 3, lina kilo 12 na ushei hata kabla ya kufungwa vichwa, vile vishikio vya kwenye ncha zake. La kaboni lenye urefu na kipenyo hicho hicho, unene milimita 2, nyuzi nyingi zikiwa zimelazwa kwa urefu wake, halizidi kilo 5, na kwa ukakamavu haliachwi nyuma. Sasa msimamishe mtu omo, mkono mmoja umeshika boti, wa pili unatafuta pete ya mlingoti, na wimbi linapita chini. Kilo 12 zikishaanza kupepea, ni zenyewe zinazombeba. Kwenye boti la watu wawili, mume na mke waliokwisha staafu, mti kama huo hubaki umefungwa sitahani safari nzima, na tanga linapigapiga usiku kucha kwa kukosa wa kulishika.

Halafu kuna uzito ulioko juu kabisa ya mlingoti, na hapa huwa siwezi kujizuia kupiga hesabu. Kilo 1 iliyoko mita 15 juu, ukitaka kuisawazisha kwa madini ya risasi yaliyoko mita 1.5 chini kwenye mkuku, ule uti wa chini ya boti, unahitaji kilo 10. Kishikio cha rada cha chuma, taa, antena, kipima upepo, kila kimoja kiliwekwa siku yake na hakuna aliyejumlisha. Punguza kilo 3 kule juu na ni kama umeongeza kilo 30 za risasi bila boti kuzama zaidi hata kidogo. Manahodha wa jahazi hawakungoja kaboni kulijua hili: foromali, boriti linalobeba tanga, huungwa kwa miti, mnene katikati, ukizidi kuwa mwembamba kuelekea ncha ya juu.

Wapinzani wana hoja moja nzito, na ajabu ni kwamba wachache huitaja. Mlingoti mzito huchelewesha boti kuyumba. Katika mashindano ya Fastnet ya Agosti 1979 wanamaji 15 walikufa, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba boti lililopoteza mlingoti hupinduliwa na wimbi kwa urahisi zaidi, kwa kuwa limepoteza ule uzito wa mbali unaokataa kuzungushwa ghafla. Kwa hiyo mlingoti mwepesi si lazima uwe salama. Mlingoti wa kaboni huliwezesha boti kusimama wima zaidi kwenye upepo, lakini pia huliyumbisha kwa haraka na kwa vishindo. Ukiongeza na bei yake, kwa msafiri wa kawaida mimi ningeuacha wa alumini ulivyo.

Mti wa spinaka hauna kesi hiyo. Muda mwingi uko chini, ukivunjika boti linaendelea na safari, na bei yake hailingani kabisa na ya mlingoti. Una maradhi yake, ndiyo. Alumini ikiharibika hupinda kwanza na kukuonya. Kaboni hupasuka kwa kishindo na kuacha ncha za nyuzi zinazochoma mkono kama miiba. Jua hula gundi ya epoksi, kwa hiyo vanishi au rangi si urembo. Ubaya mkubwa uko kwenye vishikio. Kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolika. Fundi asiyejua hufunga kichwa cha alumini moja kwa moja juu ya bomba, anapiga ribiti, anaondoka. Baada ya misimu michache rangi inavimba pembeni na unga mweupe unachungulia. Lazima pawe na tabaka la faiba ya kioo katikati, isiyopitisha umeme, na kila ribiti ipakwe dawa ya kuzuia maji.

Mtu akikuletea mti wa kaboni uliokwisha tumika, chukua sarafu uugongegonge kuanzia kichwa hadi kichwa. Mlio mkali unaofanana kote ni mzuri. Ukifika mahali unapofifia, ukawa kama unagonga boga lililooza, tabaka za ndani zimeachana. Mrudishie mti wake.