TMA wametangaza. Nani afunge kivuko cha korongo?

Wengi wetu tulioko Uingereza, tukilinganisha huku na Arusha kuhusu mafuriko, tunakimbilia kusema wenzetu wana mitambo na sisi hatuna. Sikubaliani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa tahadhari za siku tano, kwa ngazi zinazoeleweka: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kiwango cha mvua kubwa kinajulikana pia, zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20 kwenye kila mita ya mraba.

Pengo linaanza taarifa ikishatoka. Januari 2025, dhoruba Éowyn ilipokaribia, simu za watu kama milioni 4.5 wa Scotland na Ireland ya Kaskazini zililia king'ora. Ujumbe ule hurushwa na minara kwa kila simu ya 4G au 5G iliyo eneo husika, hauhitaji bando wala kujiandikisha. Shule zilishatangaziwa kufungwa tangu siku iliyotangulia.

Lakini utajiri peke yake hauokoi mtu. Valencia, Hispania, tarehe 29 Oktoba 2024, tahadhari nyekundu ilitoka asubuhi. Ujumbe wa simu kwa wananchi ukatoka baada ya saa mbili usiku, maji yameshaingia majumbani. Walikufa zaidi ya watu 220.

Na sisi Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji Arusha, tukazika watoto. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Basi kamati ya mtaa iandike kabla ya masika: tahadhari ikitoka, nani anampigia mwalimu mkuu kabla magari ya shule hayajaondoka, magari yapite njia gani, na nani anasimama kwenye kivuko cha korongo akiwa na mamlaka ya kuzuia gari lolote, hata la serikali. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 huinua gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi. Dereva haoni kina kwa sababu ya tope, wala hajui kama barabara chini imeshakatika.

Moshi kuna tatizo la ziada. Mvua inapiga Uru na Kibosho, juu mlimani, mafuriko yanashukia Mabogini na Kahe kule tambarare, ambako pengine hakujanyesha hata tone. Hapo tahadhari lazima itoke juu. Nguzo ya daraja ipakwe rangi kila sentimita 50, mwangalizi aisome kila saa mvua ikikaza, ampigie mtendaji wa kata ya chini. Mpango huu huvunjika usiku, mwangalizi akiwa mmoja, hana vocha, au mtandao umezimika pamoja na umeme. Kwa hiyo wawe wawili, na kule chini msikiti na kanisa wajue mapema ni adhana au kengele ya namna gani itakayomaanisha watu wahame.

Michango yetu wa diaspora hufika baada ya maziko, kwa magodoro na unga. Ikitumwa Februari inanunua rangi, vipimamvua, kamba, makoti ya mvua, vipaza sauti vya betri na vocha za waangalizi wa msimu mzima.