Eliptiko, Jipsamu na Mama Mkwe

Magoti yangu yalipoanza kulalamika kila nikipanda ngazi za ofisini kule Mtumba, daktari aliniambia nipunguze tumbo, lakini nisikimbie. Hilo la kutokimbia nilikuwa nimeshalitekeleza miaka mingi. Ukikimbia Ilazo asubuhi, upepo wa Dodoma unakujaza vumbi mpaka kwenye meno, na vijana wa bodaboda wakikuona unahema wanapunguza mwendo: "Mzee, unakimbizwa na nani? Panda twende."

Basi nikaamua kununua eliptiko. Ni ile mashine ya kusimama: miguu iko juu ya makanyagio mawili mapana, mikono inasukuma na kuvuta vishikio, na unatembea hewani kwa mzunguko wa yai. Mguu hauachi kanyagio, kwa hiyo goti halipati kishindo. Kampuni ya Precor ya Marekani ndiyo iliyozileta sokoni mwaka 1995, habari ambayo nilimsimulia mke wangu wakati wa kula, na yeye akanisogezea mlenda.

Kwenye kuchagua, sikutaka mchezo. Nilikuwa na futi kamba na daftari. Kwanza urefu wa hatua: zile za bei ya chini zina hatua fupi, na mtu wa sentimita 180 kama mimi anabaki anadonoadonoa tu. Nikataka inchi 20. Pili, gurudumu zito la ndani, maana ndilo linalofanya mzunguko uwe laini badala ya kukwamakwama. Tatu, breki ya sumaku, isiyogusana na kitu, kwa hiyo haina kelele wala haimalizi pedi. Na ya nne ndiyo iliyonimaliza kabisa: ilikuwa inajizalishia umeme yenyewe kwa nguvu za miguu.

"Kwa hiyo luku ikiisha utatuwashia taa?" mke wangu akauliza.

"Hapana. Inawasha kioo chake tu."

"Bei gani?"

Nikajifanya simu inaita.

Jambo ambalo wengi hawapimi ni dari. Kanyagio likiwa juu kabisa, hii ilikuwa inanyanyua mguu sentimita 45 kutoka sakafuni. Jumlisha 180 zangu, unapata 225. Dari la chumba cha nyuma lilikuwa 250. Zinabaki 25, mtu anapumua. Nikaandika, nikapiga mstari, nikalipia, kisha nikaondoka kwenda Dar kikazi.

Mzigo ulifika nikiwa hukohuko. Ni zaidi ya kilo mia. Vijana waliouteremsha kwenye kirikuu walidai nyongeza kabla hawajavuka kizingiti. Fundi akaja, akaifunga, akaisogeza ukutani, na mke wangu akanitumia picha ya makanyagio. Ya makanyagio tu.

Nilirudi kwa treni ya SGR usiku. Kufika nyumbani, mtaa mzima giza, umeme umekatika. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, ndani kimya. Nikasema basi, huu ndio wakati wa kuonyesha mashine inayojitegemea. Nikavaa bukta ya zamani, ile ambayo hata kwenye kamba huanikwa nyuma ya shuka, nikapanda, nikakanyaga. Kioo kikawaka chenyewe! Kwa furaha nikaongeza mwendo, nikajinyoosha.

Kichwa kikagonga kitu. Pu!

Mke wangu alikuwa ameamua naye kunishtukiza. Wakati nipo Dar alileta fundi wa jipsamu, akaweka ile ya ngazi yenye taa za rangi, ambayo katikati iko juu na pembeni imeshushwa. Ilishushwa sentimita 30. Na mashine iko wapi? Pembeni. Lipu ya viungio ilikuwa haijakauka vizuri, kwa hiyo kipande kikanishukia na unga wake wote, nikawa mweupe kuanzia utosini hadi kitovuni. Nikajaribu kusimama, lakini lile gurudumu zito nililolisifia halisimami kwa kuombwa. Likaendelea kunizungusha, nimeinama, mikono inakwenda mbele na nyuma.

Hapo hapo umeme ukarudi. Taa za bluu na nyekundu zikaanza kupokezana. Mlangoni amesimama mama mkwe, kafika mchana kutoka Mpwapwa, kitenge kifuani, fimbo mkononi.

Sasa niambieni, mkwe anafanya nini hapo? Adabu inataka usimame, ujisitiri, usalimie. Kusimama nitagonga tena. Kujisitiri, mikono imeshika vishikio. Nikabaki na la tatu.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama nikipanda na kushuka. Fimbo ikashuka taratibu.

"Marahaba, baba," akasema. "Sisi ngoma tunacheza mchana, watu wakiwa wamevaa."

Akaenda zake kulala. Mke wangu, aliyekuwa kwa jirani, alikuta nusu ya jipsamu sakafuni na akalia kwa ajili ya jipsamu.

Fundi ametaka hela nyingine ili akate sehemu iliyo juu ya mashine, na anadai lazima azungushie taa ili isionekane kama shimo la kuku. Tunapatana bei. Kwa sasa anayeitumia ni mama mkwe, kila asubuhi, na kanga yake kaikaza kiunoni. Ana sentimita 150 hivi, hagusi kitu. Alikuja kwa wiki moja. Jana nimesikia anaagiza Mpwapwa aletewe nguo zake zilizobaki.