Chupa ya Chai Ina Swali

Wadau, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Najua wengi mmeshaipata ile video yangu, maana tangu jana mchana simu yangu inaita kama ya bodaboda mwenye wateja. Kuna mwalimu mwenzangu wa Hisabati, jina nalihifadhi, ila anakaa Pasua, hapa Moshi mjini, na anajijua. Kaisambaza kwenye magrupu matano na kila grupu kaliongezea chumvi yake. Acha niandike mwenyewe kabla haijafika Rombo ikiwa na majeruhi.

Na kabla ya yote: suruali ilikuwepo. Ya kitambaa, nyeusi, imepigwa pasi, na mkanda juu. Hiyo habari ya bukta ni ya kutunga.

Haya. Wale wa siku nyingi hapa mnaujua ugonjwa wangu wa sekunde tatu. Wageni, kwa kifupi: kuna mama mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, ambaye miaka ya 1970 alichunguza rekodi za walimu wa sayansi wakiwa darasani. Akakuta mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde 1 tu, kisha anarukia mtoto mwingine au anajijibu mwenyewe. Walimu walipojizuia wakasubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yakarefuka, na hata wale wa kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzao wakaanza kuchangia. Haya sikuyapata chuoni. Niliyapata kwenye kipande cha video, saa tano usiku, nimelala, bando linakata roho. Na niseme tu, magrupu ya walimu yamenifundisha kazi kuliko semina kadhaa nilizokaa nikisubiri soda. Ukishapita zile picha za waridi na "asubuhi njema wapendwa", mali imo.

Nikajipima darasani. Aisee! Hata hiyo sekunde moja siifikishi. Nauliza na kujibu kwa pumzi ile ile, kama kondakta wa Hai anayeita abiria.

Sasa kuna grupu la Facebook la walimu wa Jiografia, lile la kufungwa, lina utaratibu mzuri: unajirekodi ukifundisha dakika tano, unaiweka, wenzako wanakuchambua bila huruma. Na mimi Alhamisi hii ni zamu yangu kuwezesha kwenye jumuiya ya kujifunza pale shuleni. Walimu mnazijua, za MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini. Nikaona Jumapili nijirekodi nyumbani, grupu wanichambue, nirekebishe, Alhamisi niwake.

Shida ikawa darasa. Mama watoto alikuwa kanisani na watoto wote, mimi nilisingizia mafua. (Mungu naye ana namna yake ya kujibu.) Wanafunzi nikawatafuta jikoni.

Katikati ya meza nikaweka chupa ya chai, ile ya kubonyeza juu. Chupa yetu ina tabia yake. Ukiibonyeza haitoi chai, inakoroma kwanza. Krrrr. Unabonyeza tena, krrrr, halafu linadondoka tone moja. Nikaitazama nikasema, huyu ni Mwalimu Mkuu kwenye kikao. (Mwalimu Mkuu, kama unasoma hapa, shikamoo. Usiondoke, chini kuna sehemu nakusifia.) Sufuria lenye masizi likawa mwalimu wa taaluma. Mwiko ukawa huyo bwana wa Pasua, maana ni mrefu, mwembamba, na hakuna chungu asichoingia. Ndizi za mtori zikawa Darasa la Sita.

Kishikwambi nikakiegemeza kwenye ndoo ya unga. Ni vile vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu. Kilishahesabu watu wakati ule, kwa hiyo kilikuwa na uzoefu. Miwani nikavua, isije ikamulika kwenye kamera. Nikabonyeza pale nilipoamini ni pa kurekodi. Ikatokea 3 kubwa katikati ya kioo, ikaja 2, ikaja 1. Nikacheka peke yangu: hata mashine inajua habari ya sekunde tatu!

Mmeshaelewa. Mimi nilikuwa bado.

Sikuwa kwenye grupu. Nilikuwa kwenye ukurasa wangu mwenyewe, wenye wazazi wa wanafunzi, kwaya nzima, shemeji wa Dar na mama mkwe wa Marangu. Laivu.

Nikaanza. "Habari za asubuhi, Darasa la Sita." Ndizi kimya. Nikatupa swali langu kuu: "Kibo iko juu, mita 5,895. Iko karibu na jua kuliko Pasua. Kwa nini basi barafu iko Kibo na joto liko Pasua?" Nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, huku nikitembeza macho darasani kama video ilivyoelekeza. Nikamnyanyua mwiko. Nikambania sauti ya puani, ile yake kabisa: "Mwalimu, ni kwa sababu jua halijalipa kiingilio cha hifadhi." Nikamwambia kaa chini, ndiyo maana hesabu zako hazitoki.

Nikamgeukia Mwalimu Mkuu. "Mkuu, tusaidie." Nikabonyeza. Krrrr. Nikasubiri sekunde tatu. Nikabonyeza. Krrrr. Nikasema, na maneno haya ninayakumbuka yote kwa sababu nimetumiwa video mara kumi na mbili: "Mkuu, hapo umekohoa tu, hujajibu. Na kilichobaki humo ndani nadhani ni cha jana."

Pembeni juu ya kioo kulikuwa na namba. Bila miwani niliiona kwa taabu: 12. Nikasema chaji ni asilimia 12, si mbaya, chaja imechomekwa. Nikiinua macho, 27. Nikiinua tena, 43. Chaja yenyewe niliinunua kwa Mangi shilingi elfu tano na juzi nilimfokea kwamba kanipa feki. Nikawa nasema moyoni, kesho nimwombe Mangi radhi, dakika nne chaji imeruka namna hii! Kulikuwa pia na vitu vyekundu vinapaa pembeni. Kioo kina ufa, nikajua ni ufa unaleta rangi.

Nikafundisha vizuri, lazima niseme. Kwamba jua hupasha ardhi joto, ardhi ndiyo inayopasha hewa iliyo karibu nayo. Kwamba hewa ikipanda hutanuka na kupoa, na kwa wastani kila mita 1,000 unazopanda unapoteza kama nyuzi 6.5. Nikalichora kwa mkaa kwenye ubao wa kukatia nyama. Ukiondoa matusi kwa wakubwa, lilikuwa somo.

Ndipo nikafika pale. Kila nikifumba macho nipo pale.

Nikaegemea meza, mikono miwili, nikauliza kwa sauti ya kistaarabu: "Je, kuna mwenye swali?"

Moja. Inzi akatua juu ya mfuniko wa chupa, akajipangusa miguu ya mbele.

Mbili. Ndizi moja ikajivingirisha polepole ikagusa sufuria. Nikaipa jicho.

Tatu. Chini ya kioo yakapanda maneno.

Sikuyaona vizuri. Nikainama, nikasogeza uso, nikasogeza tena, mpaka nikawa nimeenea kioo kizima. (Picha ya tundu za pua mliyoitumia kama stika, ni ya hapo.) Nikakunja jicho moja. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu, nikasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama namsomesha mtoto wa Darasa la Kwanza:

"Chupa... ya chai... ina... swali."

Nikatabasamu. Ndiyo, nilitabasamu. Nikafikiri programu imetambua vyombo vyangu, teknolojia imefika mbali. Kisha jicho likapanda kidogo juu ya maneno, kwenye jina la aliyeandika, na kale kapicha kake ka duara amevaa suti ya kaunda.

Nikatazama ile namba. 104.

Jamani, hata mwalimu wa Jiografia anajua chaji haifiki 104.

Rowe anasema hivi: ukishapata jibu la mwanafunzi, usidakie, subiri tena sekunde nyingine tatu. Hakuna mwalimu katika mkoa wa Kilimanjaro aliyewahi kuzitimiza kama mimi jana. Nilisubiri hizo, nikasubiri na za wenzangu. Kijasho kikatoka kwenye kisigino, mahali ambapo sikujua panatoa jasho. Maoni yakawa yanapanda mfululizo. "Sufuria yupo?" "Mwiko anasema atalipa kiingilio." Shemeji wa Dar: "Shem, mafua yanaendeleaje?"

Nikatafuta pa kuzima. Nikabonyeza, kamera ikageuka ikaonyesha vyombo vya juzi kwenye beseni. Nikabonyeza pengine, nikaota masikio ya sungura. Nikiwa sungura nikasema, "Samahani, Mwalimu Mkuu," na nikasema nikiwa nimeiangalia chupa. Mwisho nikakifunika kishikwambi kwa kava la kochi, kikaendelea kurusha giza na sauti yangu nikimwomba Mungu, mpaka mama watoto akarudi, akaingia na Biblia kwapani, akazima kwa kidole kimoja. Hakusema kitu. Alichukua chupa akaenda kuiosha.

Mengine hayana maana. Mama mkwe kaniambia barafu kaielewa. Grupu la Jiografia wamenichambua: usubiriji mzuri, zana zimefaraguliwa vizuri, mwalimu apunguze kukejeli wanafunzi. Mwiko kadai fidia.

Leo asubuhi nimeitwa ofisini. Nimeingia, shikamoo, marahaba, kaa. Mwalimu Mkuu wangu ni mtu muungwana sana, na hii ndiyo sehemu ya sifa niliyoahidi. Hakufoka. Alisogeza kikombe mbele yangu, akavuta chupa ya chai ya ofisi, ya kubonyeza. Akabonyeza.

Krrrr.

Akanitazama. Nikatazama kikombe. Nimehesabu mpaka kumi na moja.