Gari Lililosoma California

Leo alfajiri ile taa imewaka tena. Si ya breki, si ya mkanda. Ni ile ya manjano yenye umbo la injini, ambayo nikiiona tumbo langu hunguruma kabla ya gari. Nikaitazama, nayo ikanitazama. Nikazima, nikawasha. Ipo. Nikaipiga dashibodi kofi la kirafiki, kama tulivyokuwa tukiifanyia redio ya marehemu babu. Ipo, na sasa inang'aa kwa kiburi.

Naomba ieleweke kwamba mimi si mtu wa kununua gari kwa pupa. Nilizunguka kwa madalali wa Phoenix, huku Arizona, miezi minne, nikikataa magari kwa heshima na taadhima, mpaka jirani yangu, mtu wa Bukavu, aliponivuta pembeni. "Kaka, gari ya huku usinunue. Enda California. Kule gari zote wanazipima moshi. Gari ya California ilisoma."

Ilisoma! Nikapanda basi la usiku hadi Los Angeles, maili 370, na mtoto wa kiti cha nyuma akilia maili 300 za mwanzo. Muuzaji alikuwa mama mmoja mstaarabu sana. Sheria ya kule inamtaka muuzaji ndiye atoe cheti cha moshi, naye alikitoa kwenye bahasha, kama posa. Nilikisoma mara mbili. Cheti changu cha kidato cha nne hakijawahi kuniletea fahari ile. Nikatoa dola 5,200, ambazo nyingine ni za upatu na nyingine mke wangu akizisikia tutaongea.

Nikavuka Mto Colorado, nikaingia Arizona, nikajaza mafuta upande wa huku maana petroli ya kule ni kama unanunua manukato. Sijamaliza kufunga mkanda vizuri, taa. Gari lilikuwa limegundua kwamba limehamishwa.

Sasa niwape habari za Jumamosi ile.

Fundi wa ekzosi alikuwa mzee wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Akanikaribisha kwa neno "rafiki", ambalo huku hutangulia bei. Akachomeka kijimashine chini ya usukani, kikatema P0420. Tafsiri yake: masega yamechoka, yaani kile kichujio cha moshi kwenye bomba.

"Dola 400 pamoja na kazi," akasema. "Saa moja tu."

Nikashusha pumzi. Nikaanza hata kumpenda. Kisha akafungua boneti.

Laiti ningemshika mkono. Chini ya boneti kuna stika, ukubwa wa kitambulisho, inayotaja gari lilitengenezwa kwa kanuni za moshi za wapi, ambayo mimi katika utafiti wangu wote sikuwahi kuitupia jicho. Akaipangusa kwa kidole gumba, akavaa miwani, akainama, akaisoma polepole kama kadhi anayesoma wosia wa tajiri.

"Aa. Hili ni la California."

"Lilikuwa," nikamsahihisha. "Sasa ni la Arizona. Liko hapa, unaligusa."

"Stika inasema California."

"Nimelihamisha."

"Stika haihami."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo linataka masega ya California, yenye namba ya kibali cha kule. Dola 1,450."

Tukanyamaza. Feni la dukani likageuka kunitazama, likaona aibu, likageukia ukutani.

"Yana nini hayo masega? Yana dhahabu?"

"Platini, paladi na rodi. Ya kawaida yanayo pia, ila haya yanawekewa nyingi zaidi. Ndiyo maana wezi wanayakata usiku."

Nikafikiria wezi kwa mara ya kwanza kwa upendo. "Na wakiyakata, nitaweka ya kawaida?"

"Utaweka ya California."

Hapo heshima ikaanza kunitoka kidogo kidogo. "Mzee wangu," nikasema, "mimi nimezaliwa Tanga. Nina miaka tisa Arizona. Kodi nalipa Arizona, mafua naugua ya Arizona. Nikienda hospitali hakuna anayeniambia nisubiri vidonge kutoka Tanga."

Akalifikiria hilo kwa makini, bila kucheka. "Wewe una stika?"

Nikakumbuka ile kadi yangu ya kijani, na pale ilipoandikwa wazi nchi niliyozaliwa. Nikanyamaza.

Labda aliniona nimeumia, maana akaanza kunifariji kwa historia. Kwamba Julai 1943 moshi uliifunika Los Angeles, macho yakawasha, watu wakadhani Wajapani wamewashambulia kwa gesi. Tukatazamana, kisha sote wawili tukaligeukia gari langu la Kijapani. Kwamba mwaka 1967 California wakaunda bodi yao ya hewa, wakati serikali kuu ilikuja kuunda mamlaka yake ya mazingira 1970, na kwa kuwa wao walitangulia, hadi leo wanaruhusiwa sheria zao wenyewe. Kwamba New York, Maine na Colorado nao sasa wanadai masega ya aina hiyo.

"Na Arizona?"

"Arizona haidai."

"Sasa si tuko Arizona!"

Akanyoosha kidole kwenye stika. Sheria ya duka lake: stika ikisema California, hafungi kitu kingine, hata umlilie. Kisha akanitoza dola 60 za kusoma ile stika.

Nikampigia kaka yangu Tanga. Alicheka mpaka akakohoa. "Masega? Si unayatoa tu! Fundi anapiga patasi dakika kumi, anaunga bomba, gari linapumua. Na usiyatupe, yananunuliwa." Nikamweleza kwamba huku fundi akiyatoa masega anavunja sheria ya nchi nzima. Akaniuliza kama Marekani niliyomo ni ile ile tunayoiona kwenye filamu.

Jirani wa Bukavu, kwa kuwa ndiye chanzo, akaja na suluhisho: akachomoa waya wa betri, akahesabu hadi mia kwa Kifaransa, akaurudisha. Taa ikazimika! Tukakumbatiana. Kesho yake nikakimbilia kituo cha kupima moshi, maana bila kupita hapo gari halisajiliwi, kabla taa haijabadili mawazo. Mashine ikasema gari haliko tayari. Kumbe ukichomoa betri, kompyuta ya gari inasahau kila kitu, lazima uliendeshe siku kadhaa lijipime upya, tena baadhi ya vipimo havianzi mpaka tangi liwe katikati, lisijae wala lisikauke. Yaani gari linadai maisha ya wastani ambayo mimi mwenye gari sijawahi kuyaonja.

Nikaliendesha. Siku tatu nimezunguka jiji kama mgombea ubunge, napunga mkono bila sababu, natia mafuta ya dola saba saba ili tangi libaki katikati. Leo ilikuwa siku ya nne. Leo ndiyo nilikuwa naenda kupima.

Na kibali cha muda cha kuliendesha kimekwisha jana.

Sisemi kwa utani sasa. Mpwa wangu anasubiri ada, kodi ya nyumba ni tarehe mosi, na msimamizi wa ghalani haelewi P0420, anaelewa saa kumi na mbili kamili. Dola 1,450 ni mchele wa mwaka. Kwa stika! Ningeibandua kwa kucha zangu, ila nilishajaribu, na hiyo pekee ndiyo kitu kwenye gari lile ambacho kimegoma kabisa kuharibika.

Basi nikaenda kituo cha basi. Mnalijua joto la Phoenix. Mwaka 2023 tulipigwa siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, na aliyeamua viti vya kituo viwe vya chuma nadhani hajawahi kukaa. Nikasimama kama kuku wa kuchoma anayejigeuza mwenyewe.

Honi. Jirani. Ana kigari cha 1998 alichokitoa Texas, kinafuka nyuma kama jiko la mkaa lililomwagiwa maji, na mwezi uliopita kimepita kipimo mara ya kwanza, maana mashine ya kituo inasoma kompyuta, hainusi.

"Panda, kaka."

Nikapanda. Kiyoyozi hakuna, dirisha la upande wangu halishuki, na mlango nimeushikilia kwa mkono. Dashibodi yake haina hata taa moja.

"Hii haikusoma," akasema, akiipapasa usukani. Tulipofika taa za pili akaanza kuniuliza kuhusu sufuria ya mke wake, ile tuliyoletewa ikiwa na sombe, kisamvu cha kwao, tangu Pasaka.