Nusu ya Kuonana

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na kawaida ya kuandika methali moja pembeni mwa ubao kila Jumatatu, na hapo ilikaa wiki nzima, hakuna aliyethubutu kuifuta. Mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili Tanga, aliandika: Waraka ni nusu ya kuonana. Naikumbuka kwa sababu wiki ile ile nilipokea barua yangu ya kwanza kutoka Kigoma, kwa msichana ambaye sikuwa nimemtia machoni. Tangu hapo methali hiyo naitumia, naipenda, lakini hesabu yake siikubali.

Jina lake nililipata kwa mwalimu wa historia aliyehamishiwa kwetu kutoka huko. Alikuja na orodha ya wanafunzi waliokuwa wanatafuta marafiki wa kalamu, tukayagombania majina kama maandazi ya mapumziko. Niliandika kama tulivyoandika wote enzi zile: salamu nyingi kama mchanga wa bahari, mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ukurasa ukaisha sijasema neno. Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Naye alianza na salamu zile zile, maana adabu ni adabu, lakini mstari wa nne ukauliza: "Sasa hivi unasoma kitabu gani, na umefika wapi?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo. Nyumbani niliulizwa kama nimesoma, yaani kama nimejiandaa na mtihani. Huyu alitaka kujua niko wapi ndani ya kitabu, kama mtu anayekuuliza basi limefika Segera au bado.

Nilikuwa nasoma riwaya moja ya baba, ya Kiswahili, isiyo na jalada, iliyoanzia ukurasa wa 9 kwa sababu zilizotangulia zilikuwa zimeshang'oka. Nikaona badala ya kumsimulia, bora nimpelekee. Nilipomaliza nilikizungushia gazeti, nikakifunga kwa kamba ya katani, mjomba akakibeba hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kikapanda treni na mtu aliyekuwa akienda kwao. Kutoka Dar hadi Kigoma reli ina kilomita zaidi ya 1,200. Kilirudi baada ya miezi miwili. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na maandishi madogo ya penseli, ambayo usiku kwa mwanga wa kibatari ilibidi niyasogeze hadi puani. Ukurasa wa 41: "Huyu mama ana haki, mbona mwandishi hamwoni?" Ukurasa wa 67 ulikuwa na doa la rangi ya chungwa, la mawese, na mshale kutoka kwenye doa: "Nisamehe. Nilikuwa jikoni na sikuweza kukiacha."

Kwa mshale ule nilimwona. Sikujua sura yake, sikujua kama ni mrefu au mfupi, lakini nilimwona ameketi kwenye kigoda, sufuria motoni, kitabu magotini, mama yake anaita na yeye haitikii.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, ni yeye aliyenitumia kitabu cha barua za Helene Hanff. Alikuwa amekiokota kwenye vitabu vya mitumba Mwanza, kwa Kiingereza, karatasi zimegeuka manjano. Kwenye ukurasa wa mwanzo aliandika maneno matatu: "Hawa ni sisi."

Hanff alikuwa mwandishi wa New York, wa tamthilia zilizokosa jukwaa na maandiko ya televisheni, asiye na fedha lakini mwenye njaa ya vitabu vya zamani. Tarehe 5 Oktoba 1949 aliliandikia duka la Marks & Co., lililokuwa namba 84 barabara ya Charing Cross, London, baada ya kuona tangazo lao. Aliwapa orodha na masharti: vitabu viwe safi, na kimoja kisizidi dola 5. Akajibiwa kwa heshima kubwa na mtu aliyetia sahihi ya herufi tatu tu, FPD. Huyo alikuwa Frank Doel, mnunuzi mkuu wa duka. Mteja na muuzaji hao waliandikiana kwa karibu miaka 20.

Uingereza ilikuwa imeshinda vita, lakini chakula kiliendelea kutolewa kwa mgao hadi Julai 1954. Hanff alielezwa na jirani yake Mwingereza kwamba familia kule inapata wakia 2 za nyama kwa wiki, gramu zisizofika 60, na yai 1 kwa mtu kwa mwezi. Hakuweza kutulia. Desemba ile ile ya 1949 akaagiza wafanyakazi wa duka wapelekewe paja la nguruwe la kukaushwa, la karibu kilo 3. Limeshaondoka, ndipo akaona kwenye ankara majina ya wenye duka, Marks na Cohen, akashituka: je, hawa si Wayahudi? Wanakula nguruwe? Akaandika mbio mbio kuuliza, akasema kama haifai yuko tayari kuwapelekea ulimi badala yake.

Sisi tuliokulia pwani, ambako sahani ya jirani haivuki ukuta kabla haijajulikana nani kachinja, tunaijua hofu hiyo. Miezi miwili tu ya barua za bei na orodha, na tayari anaogopa kumkosea heshima mtu ambaye hajamwona, kwa kitu kinachokwenda tumboni. Mimi huo nauita undugu. Sihitaji ushahidi mwingine.

Nao walimrudishia. Wafanyakazi wengine walimwandikia kwa siri, Doel asijue, wakimweleza watoto wao, mapishi yao, na jinsi mayai aliyowapelekea baadaye yalivyogawanywa. Walimpelekea kitambaa cha meza cha kitani kilichotariziwa na bibi wa zaidi ya miaka 80, jirani wa familia ya Doel. Doel mwenyewe alichukua muda. Alimwita "Bibi Hanff" mpaka Februari 1952, na alipoliacha hilo jina la heshima alieleza kwa nini: nakala za barua zake ziliingia kwenye mafaili ya ofisi, hivyo aliona ni vyema adabu ionekane. Mtu mwenye haya, anayelinda mlango wa kazi yake, anafungua ufa kidogo kidogo. Nampenda kwa hilo kuliko kwa vitabu vyote alivyomtafutia.

Lakini iliyonishika hasa ni barua ya Aprili 1951. Duka lilikuwa limempelekea zawadi, kitabu kizuri cha mashairi chenye kingo za dhahabu, na majina yao wakayaandika kwenye kadi pembeni. Hanff alishukuru sana, kisha akalalamika: kwa nini hamkuandika ndani ya kitabu chenyewe? Mmeogopa kukishusha bei, na kumbe kwangu mngekipandisha. Alipenda vitabu vyenye maandishi ya waliotangulia kuvisoma, alipenda kufungua ukurasa ambao mtu mwingine aliufungua mara nyingi hadi kitabu kikazoea kufunguka hapo.

Niliweka kitabu chini nikaenda kwenye sanduku kuitoa ile riwaya ya baba, nikaifungua penye doa la mawese. Ilifunguka yenyewe hapo.

Hanff na Doel hawakuonana. Kila safari ya London ilipopangwa, fedha zilikwenda kwingine. Mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, 1953, zilimezwa na matibabu ya meno. Doel alifariki tarehe 22 Desemba 1968, kidole tumbo kilipasuka. Hanff hakujua. Alikuja kuambiwa kwa barua ya duka ya tarehe 8 Januari 1969, iliyoandikwa na katibu muhtasi, ya masikitiko na ya adabu, ambayo mwishoni inauliza kama bado anataka atafutiwe vile vitabu vya Jane Austen. Kila nikiifikia sentensi hiyo nafunga kitabu kwanza. Katibu muhtasi hakukosea chochote, alifanya kazi yake, na huenda bila kujua aliuliza swali la Doel mwenyewe, lile ambalo Doel alikuwa analiuliza kwa karibu miaka 20: unataka kusoma nini?

Barua zilitoka kama kitabu mwaka 1970, jina lake ni anwani ya duka. Duka lilifungwa mwishoni mwa mwaka huo huo. Hanff alifika London Juni 1971, akaingia ndani ya vyumba vitupu, hata rafu zimeshang'olewa ukutani.

Watu wengi niliowaazima kitabu hiki wamenirudishia kwa maneno yale yale: masikini, laiti wangeonana hata siku moja. Wanafuata hesabu ya methali. Walipata nusu, nusu nyingine ikawapita. Mimi siwaoni kama watu waliopunjwa, na nina sababu yangu.

Mimi na rafiki yangu tulionana. Mwaka 2009 alikuja Dar es Salaam kwenye harusi ya binamu yake, tukakubaliana kukutana kituo cha mabasi Ubungo. Alinieleza atavaa kitenge cha bluu chenye ndege. Nilitoka Tanga alfajiri, moyo unadunda kama naenda kuposwa. Tulikumbatiana hadi mpiga debe mmoja akatupisha njia. Tukaketi kwa mama ntilie, tukaagiza chai na chapati, na hapo tukaanza: watoto hawajambo? Wazee hawajambo? Safari ilikuwaje? Mvua zimeshaanza huko? Saa mbili nzima tulikuwa kwenye ule ukurasa wa kwanza wa salamu. Mambo tuliyokwisha kuandikiana, kifo cha mtoto wake wa kwanza, mwaka ndoa yangu iliponishinda, hakuna aliyeweza kuyaweka juu ya meza ile watu wakipita na mabegi na kuku. Tuliagana tukilia, kila mmoja akijua hajasema.

Barua yake ilikuja kabla mwezi haujaisha. "Dada yangu," aliandika, "nisamehe pale Ubungo. Nilikuwa na mengi ya kukwambia ila nilikuwa nakutazama." Kisha kurasa sita, mbele na nyuma.

Nafurahi kwamba nimeiona sura yake, sitadanganya. Sasa nikisoma naisikia sauti yake nzito, na ile tabia ya kushika sikio anapofikiri. Lakini ile siku ndiyo ilikuwa nusu. Mengine yote, yaliyotufanya tuwe tulivyo, yalipita kwenye karatasi.

Na karatasi tupu isingetosha, hili nalisema kwa sababu nilikuwa na marafiki wa kalamu wengine watatu na wote walikatika ndani ya mwaka. Habari za hali ya hewa na mitihani zina mwisho. Mtu akikupelekea kitabu anakudai: ukisome, useme umeonaje, ukirudishe. Na kupitia mama fulani wa kwenye riwaya unaweza kusema kuhusu mama yako jambo ambalo kwa jina lake usingethubutu. Rafiki yangu alinieleza msiba wake kwa mara ya kwanza pembeni mwa shairi la mtu mwingine, kwa penseli, maneno manane. Kwenye barua iliyokuja na kitabu hicho hakuugusa kabisa.

Kwetu sisi hili si jambo geni. Shaaban Robert, karani wa serikali, alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958, na barua hizo tunazisoma leo kwa sababu mdogo mtu alizitunza. Huwa namfikiria sana huyo Yusuf. Tunamsifu mwandishi, na ni haki yake, lakini kuna mtu alipokea, akasoma, akakunja vizuri, akaweka mahali pakavu kwa zaidi ya robo karne. Nani kati yetu anajua barua alizopokea ziko wapi?

Simu tunazo sote wawili, na kila asubuhi tunatakiana heri kwenye WhatsApp. Naithamini, mtoto wake wa mwisho alipougua mwaka juzi, ningekaa wiki tatu gizani bila simu. Ila kitabu bado kinasafiri. Ananiuliza kwa simu kama kimefika, nasema kimefika, na hapo tunanyamaza wote wawili, kwa sababu mazungumzo yake hayafanyiki huko.

Kitabu cha Hanff kimekwenda na kurudi mara tatu sasa. Mimi natumia wino wa bluu, yeye hajaiacha penseli yake. Kilirudi mara ya mwisho Machi, na kwenye barua ile ya tarehe 8 Januari 1969, chini kabisa, ameandika: "Mmoja wetu akitangulia, vitabu vyetu vikae kwa nani?"

Nimeandika jibu mara tatu nikalichana. Jumapili iliyopita nilimwita binti yangu, yuko darasa la saba, nikamfungulia sanduku. Nilimwonyesha penseli ni ya nani na wino ni wa nani. Nikamwonyesha doa la mawese, ambalo limefifia lakini lipo, akapitisha kidole juu yake, akausoma ule mshale kwa sauti. Akauliza kama anaweza kukichukua chumbani. Nikamwambia kichukue, ila ajue kinaanzia ukurasa wa 9.