Nyota za begani na kiti cha rubani: Tanzania na Kanada

Tangu nihamie Kanada nimekuwa nikikutana kila mwezi na wazee wachache waliorusha ndege za kijeshi, wengi wao Wakanada, mmoja Mmarekani, na mimi niliyetokea Tanzania. Mazungumzo yetu huanza na visa vya angani, na karibu kila mara huishia kwenye vyeo, kwa sababu kisa hakieleweki mpaka msikilizaji ajue nani alikuwa mkubwa wa nani. Neno linalotusumbua zaidi ni "kapteni". Kwetu kapteni ana nyota tatu na yuko chini ya meja. Katika majeshi mengi ya majini kapteni ni sawa na kanali. Waingereza wana Kapteni wa Grupu katika jeshi lao la anga, naye pia ni sawa na kanali. Na katika ndege ya abiria kapteni ni yule anayeiamuru ndege, hata kama hajavaa sare ya jeshi maishani mwake.

Mzee wetu mkubwa, ambaye sasa amepita miaka 80, aliingia jeshini wakati Kanada ikitumia vyeo vya anga vya Kiingereza, vile ambavyo Uingereza ilivianzisha Agosti 1919. Tarehe 1 Februari 1968 Kanada iliunganisha majeshi yake matatu kuwa moja, na marubani wakapewa vyeo vya nchi kavu. Yeye alilala akiwa Luteni wa Anga, akaamka akiwa kapteni. Mwaka 2011 jeshi lao la anga lilirudishiwa jina la zamani, lakini vyeo vya maofisa havikurudi, na jambo hilo linamuuma mpaka leo. Husema kwamba Kamanda wa Wingi (wingi ni kikosi chenye skwadroni kadhaa za ndege) ni jina linaloeleza kazi ya mtu, ilhali luteni kanali, cheo kilicho sawa nacho, ni jina linaloeleza mshahara wake. Ninamheshimu, ila sikubaliani naye, kwa kuwa hata Uingereza kwenyewe Kamanda wa Wingi wa siku hizi kwa kawaida huongoza skwadroni, na Kiongozi wa Skwadroni huongoza kundi dogo zaidi ya hapo. Kazi zilishahama, majina yakabaki.

Kwetu ngazi ni moja. Jeshi letu lilipoundwa Septemba 1964, askari wa miguu na rubani walipanda vidato vilevile: luteni usu, luteni, kapteni, meja, na kuendelea juu. Kinachonivutia ni kwamba walimu wa mwanzo wa marubani wetu walitoka katika mifumo iliyotofautiana kabisa. Wajerumani wa Magharibi walianza, wakaondoka mwaka 1965 kutokana na mgogoro wa kidiplomasia kuhusu Ujerumani Mashariki. Wakaja Wakanada, pamoja na ndege za Otter na Caribou, wakiwa bado na vyeo vyao vya anga. Kisha wakaja Wachina, ambao jeshi lao lilifuta vyeo vyote mwaka 1965 na halikuvirudisha hadi 1988. Wakubwa zangu waliosomea urubani China walitusimulia jinsi walivyofundishwa na watu wasio na nyota wala mstari wowote begani, na jinsi walivyojifunza kumtambua ofisa kwa kuhesabu mifuko ya koti lake: minne kwa ofisa, miwili kwa askari. Ndege ziliruka na wanafunzi wakafuzu. Kila ninapowasikia wenzangu wakibishania mistari ya mikono ya sare, huwakumbusha mifuko hiyo.

Ndege iliyotuunganisha ni Buffalo, iliyoundwa hapa Kanada, ambayo kwetu ilibeba askari na mizigo, na ambayo Wakanada waliitumia katika uokoaji hadi Januari 2022. Mmoja wetu aliirusha milimani kwa miaka mingi. Alinieleza kwamba wakishafunga mikanda waliitana kwa nafasi zao, rubani, rubani msaidizi, fundi, na vyeo havikutajwa tena hadi injini zizimwe.

Nilipolisikia hilo nilikumbuka safari moja nikiwa luteni, nimekaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, na kushoto kwangu akiwa kanali. Tulikuwa tukishuka kwenye uwanja wa udongo baada ya mvua, nikaona theluthi ya kwanza ya njia ya kutua inang'aa maji. Nilijua la kusema. Lakini sentensi iliyokuja kichwani ilianza na "Samahani, afande, kama itakupendeza", nami nikaimeza na kutafuta nyingine iliyo laini zaidi. Nadhani zilipita sekunde nne, na kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa ndege hupita zaidi ya mita 160 katika muda huo. Mwishowe nilisema neno moja tu, "Ghairi", na kanali akasukuma mikono ya injini mbele papo hapo, tukapaa na kurudi tulikotoka.

Mmarekani wetu huwaonya wanaodhani kwamba nchi tajiri zimemaliza tatizo hili la cheo kuizima sauti ya mdogo. Tarehe 24 Juni 1994, katika kambi ya jeshi la anga ya Fairchild huko Marekani, ndege kubwa ya mabomu ya B-52 ilianguka ikiwa mikononi mwa luteni kanali ambaye maofisa wadogo walikuwa wamekataa kuruka naye kwa sababu ya uzembe wake. Kamanda wa skwadroni alikuwa ameomba azuiwe, akakataliwa na mkubwa wake, akaamua kuruka naye yeye mwenyewe ili kuwakinga vijana wake. Wote wanne waliokuwamo walikufa.

Kwa hiyo sitaki jeshi la nyumbani liige desturi ya hapa ya kuitana kwa jina la kwanza. Neno "afande" lina uzito wake, na ninalikosa huku ninakoishi. Ninachotaka ni maneno mafupi ya amri yaliyokubaliwa kabla ya safari, ambayo luteni ana wajibu wa kuyatamka na kanali ana wajibu wa kuyatii kwanza na kuuliza baadaye.

Mwaka jana nilimpigia simu kanali yule, ambaye ni mstaafu sasa, nikamwomba radhi kwa zile sekunde nne. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba maji aliyaona kabla yangu, na kwamba alikuwa akingoja niseme mimi, maana hakutaka luteni amwone ameogopa.